Utingo wa chuma na asubuhi ya barafu

*Katika maghala ya Illinois, kazi ya kuzuia trela lisiteleze imeachiwa mashine. Baridi inapobana, mashine hiyo hugoma mapema, na bili ya kuitunza kila mtu humsukumia mwenzake.*

NA MWANDISHI WETU, JOLIET, ILLINOIS

SAA kumi na moja alfajiri, Januari. Kipimajoto kilichopigiliwa ukutani kinasoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Nje, trela la futi 53 linapiga rivasi polepole kuelekea mlango nambari 14, linagusa mipira mizito iliyofungwa ukutani, linatulia.

Ndani, kijana aliyevaa makoti mawili na kizibao cha rangi ya chungwa juu yake anabonyeza kitufe. Pampu inaguna. Bamba la chuma lililolala sakafuni, kubwa kuliko kitanda cha sita kwa sita, linaanza kuinuka kwa shida kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Linafika nusu ya safari, linasimama.

Lilitakiwa lipande hadi juu, likunjue ulimi wake wa mbele, kisha lishuke mpaka ulimi ulale juu ya sakafu ya trela, foklifti ipate njia ya kuingia. Ulimi haukunjuki.

Anabonyeza tena. Pampu inaguna tena. Kijana anageuka na kuchukua mtaimbo uliosimamishwa kando ya mlango. Mtaimbo huo una mahali pake. Umeacha hata alama ya kutu sakafuni. Anaigonga bawaba mara tatu. Vipande vya barafu vinaruka kama chupa iliyopasuka, ulimi unaanguka kwa kishindo, na mtikisiko tunausikia kwenye nyayo.

Mlango mmoja umefunguka. Imebaki 39.

Kijana huyu ni Mkongo wa Fizi aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na Kiswahili chake kina ladha ya ng'ambo zote mbili za Ziwa Tanganyika. Simtaji jina, wala silitaji ghala lake, kwa kuwa ndiko anakopatia ugali. Lakini mtaimbo wake ndio ulionipa swali la makala haya: vyuma hivi vya mlangoni vinatunzwa na nani baridi inapobana, na visipotunzwa anaumia nani?

Bandari isiyo na bahari

Joliet iko kilomita 65 hivi kusini magharibi mwa Chicago. Bahari haina, lakini huitwa bandari. Mwaka 2002 kampuni ya reli ya BNSF ilifungua kituo cha kontena jirani, Elwood, kwenye ardhi iliyokuwa kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani. Union Pacific ikafuata na kituo chake mwaka 2010. Barabara kuu mbili, I-80 na I-55, zinapishana papo hapo.

Kontena linaloshushwa melini Los Angeles hupanda treni, hushuka hapa, na kuishia katika moja ya maghala marefu yaliyoota palipokuwa mashamba ya mahindi. Kila ghala lina ukuta wenye milango iliyopangana kama meno. Waswahili wa huku mlango wa namna hiyo huuita doki, basi. Sakafu ya ndani iko juu ya uwanja wa nje kwa kiasi cha sentimita 120, ili ilingane na sakafu ya trela.

Waswahili hao si wachache. Katika muongo uliopita Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na kabla yao walitangulia Warundi wa mwaka 1972 waliokuwa wakiishi Tanzania. Awe Illinois, Iowa, Ohio au Kentucky, mtu anayetafuta kazi ya kwanza isiyodai Kiingereza kingi, mara nyingi mguu humpeleka ghalani.

Huko hukutana na baridi ambayo hakuna mtu wa Kigoma aliyewahi kuiota. Januari 30, 2019, uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ulipima nyuzi 31 chini ya sifuri. Rekodi ya jiji ni nyuzi 33 chini ya sifuri, ya Januari 20, 1985. Siku ile ya 2019 hata posta ya Marekani ilisimamisha kupeleka barua katika sehemu kadhaa za ukanda huu. Maghala ya chakula na dawa hayana anasa hiyo.

Kazi ya utingo

Nyumbani, lori likisimama kwenye mteremko, anayeruka wa kwanza ni utingo. Mkononi ana gogo, jiwe au kabari, na kabla dereva hajazima injini tairi la nyuma limeshazuiwa. Ni kazi isiyo na cheo, lakini akiisahau watu wanaweza kufa.

Lori la Marekani halina utingo. Dereva yuko peke yake, amechoka, na ana saa za kuendesha zilizohesabiwa na sheria. Kwa hiyo maghala mengi yameiachia mashine kazi ya utingo: ndoano ya chuma iliyofungwa chini ya mlango, inayopanda na kulinasa bomba la nyuma ya trela. Ikinasa sawasawa, taa ya ndani huwa ya kijani, kwamba foklifti iingie. Taa ya nje huwa nyekundu, kwamba dereva asiondoke.

Bomba hilo lina historia yake. Usiku wa Juni 29, 1967, karibu na New Orleans, gari lililombeba mwigizaji Jayne Mansfield lilijipenyeza chini ya mkia wa trela, naye akafa. Sheria ya kuweka bomba la nyuma ilikuwapo tangu miaka ya 1950, lakini bomba lenyewe lilikaa juu mno. Baada ya kifo kile likaanza kuitwa kwa jina lake. Tangu 1998 matrela mapya mengi yanatakiwa kuwa na bomba lisilozidi sentimita 56 kutoka ardhini. Chuma kilichowekwa kuwaokoa wenye magari madogo barabarani, ghalani ndicho kinachoshikiliwa ili trela lisiponyoke.

Na trela huponyoka. Foklifti ya kawaida ina uzito wa karibu tani nne kabla haijabeba kitu. Kila inapoingia na kufunga breki, hulisukuma trela mbele kidogo. Ingia toka mara 40, na ulimi uliokuwa umelala vizuri juu ya sakafu ya trela unabaki umeshikilia ncha tu. Mafundi hutaka ulimi ulale angalau sentimita 10 ndani ya trela. Ukiteleza ukatoka, foklifti na dereva wake hushuka pamoja kwenye pengo.

Wakati wa kiangazi tairi hushika lami. Januari, tairi limesimama juu ya kioo.

> Wakati wa kiangazi tairi hushika lami. Januari, tairi limesimama juu ya kioo.

Baridi inavyogomesha chuma

Adui wa kwanza ni maji, hasa yale yanayoletwa na trela lenyewe. Gari linakuja na theluji mgongoni na matope ya barafu mapajani. Linapoegeshwa mlangoni, joto la ghala huyayeyusha, yanatiririka hadi kwenye shimo lililo chini ya daraja la chuma, lile bamba linaloinuka. Mlango ukifungwa, yanaganda tena. Kesho yake bawaba, ulimi na ndoano vimefungwa ndani ya barafu.

Shimo hilo ndilo jalala la siri la kila ghala. Nililimulika kwa tochi kwenye mlango wa 14: mbao za paleti zilizovunjika, nailoni ya kufungia mizigo, glovu moja, kikombe cha kahawa, na vyote vimeshikamana kama saruji. Takataka za namna hiyo hunyonya maji na kuyashika. Ndizo pia zinazolizuia daraja lisishuke hadi chini.

Adui wa pili ni mafuta. Madaraja mengi husukumwa na haidroliki, na mafuta yaliyokuwa mepesi mwezi Agosti huwa mazito kama asali mwezi Januari. Pampu hulia, motaa hupata moto, daraja hupanda kwa kukokota. Yakiwa yamechanganyika na maji, hubadilika rangi yakafanana na maziwa, na maji hayo huganda ndani ya mipira. Fundi mzuri kabla hajagusa kitu hufungua kifuniko cha tangi na kutazama rangi.

Madaraja ya springi hayana mafuta ya kuganda, lakini grisi yake hukauka ikawa kama nta. Springi za milango inayopanda juu nazo zina umri. Za kawaida hutengenezwa kwa kufungua na kufunga mara 10,000. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka upige hesabu: mlango unaofunguliwa mara 30 kwa siku huimaliza kabla mwaka haujaisha. Springi iliyochoka huweza kuvumilia joto lote la kiangazi, kisha ikakatika asubuhi ya baridi kali, chuma kinapokuwa kimekakamaa.

Hata mpira wa chini ya mlango hugandamana na sakafu. Mwenye haraka akiamuru motaa ivute, mpira unabaki chini na mlango unapanda umechanika.

Kwa nje, uwanja unaoinama kuelekea ukuta, pale matrela yanaposhuka mteremko kidogo, una mfereji wa kutoa maji. Mfereji ukiziba kwa majani ya vuli, maji yote ya uwanja hukutana hapo. Gari la kusukuma theluji husafisha uwanja, lakini haliwezi kufika mita ya mwisho iliyo karibu na ukuta, wala chini ya trela lililoegeshwa. Mita hiyo ni ya mtu na beleshi lake, kama kuna aliyeagizwa.

Ufa unaoonekana gizani

Kuna jaribio moja lisilogharimu hata senti. Mchana wa jua, milango yote ikiwa imefungwa au ina matrela, zima taa za upande wa milango. Simama kimya mpaka macho yazoee. Kisha tazama.

Nilipoonyeshwa jambo hilo nilidhani nimeangalia angani usiku. Nuru ilipenya pembeni mwa madaraja, kwenye kona za milango, na kwenye mito ya sponji inayokumbatia mkia wa trela, ambayo ngozi yake ya plastiki hukakamaa kwa baridi na kupasuka trela linapoigusa. Kila panapopenya nuru, joto lililolipiwa hutoka na theluji ya unga huingia. Kwenye mlango mmoja ilikuwa imejikusanya mstari mweupe sakafuni, palepale foklifti zinapokata kona.

Tiba yake inajulikana: brashi ngumu za kuziba pembe za daraja, mito mipya, mapazia yaliyoshonwa upya. Lakini kuna hatari upande wa pili wa tiba.

Foklifti nyingi hutumia gesi ya propani, ndugu wa gesi ya mitungi ya jikoni, na moshi wake una monoksidi ya kaboni. Majira ya joto milango iko wazi, upepo unaupeleka. Majira ya baridi kila mtu anafunga mlango, na gesi hiyo isiyo na rangi wala harufu inabaki ndani. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Mtu anadhani ni mafua. Sheria ya kazi ya Marekani inaruhusu wastani usiozidi sehemu 50 kwa milioni kwa zamu ya saa nane. Ghala linaloziba nyufa bila kupima hewa wala kurekebisha injini linaweza kuvuka kiwango hicho bila mtu kujua.

Dawa inayokula mgonjwa

Dawa ya haraka ya barafu ni chumvi, na kila mlango una ndoo yake. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa yanayofuata. Anajua mabati ya Lamu au Bagamoyo yanavyoliwa na upepo wa bahari. Hapa bahari inamwagwa kwa mkono.

Chumvi ikimwagwa nje huingia ndani kwa tairi na viatu, inashuka na maji hadi shimoni, na inaanza kula bawaba, springi, waya na miguu ya ndoano. Bomba la nyuma ya trela nalo limekunywa chumvi ya barabarani kilomita elfu. Ndoano nzima ikishika bomba lililooza, taa inaweza kuwaka kijani ilhali kilichoshikwa hakina nguvu. Novemba 2021 mamlaka ya usalama wa malori ya Marekani iliyaingiza mabomba hayo rasmi kwenye orodha ya vitu vinavyokaguliwa kila mwaka.

Saruji pia haiponi. Maji yanapoganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na maji ya chumvi hupenya kwenye nyufa ndogo, yanaganda, yanayeyuka, yanaganda tena. Ukingo wa shimo unamomonyoka, na fremu ya chuma inayoshikilia daraja inaanza kucheza.

Isitoshe, watu humwaga chumvi wakati usiofaa. Chumvi ya kawaida hupoteza makali barabarani ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi. Baada ya hapo inafaa kloridi ya kalsiamu, ambayo hufanya kazi hadi karibu nyuzi 29 hasi lakini bei yake ni ya juu zaidi. Asubuhi ile ya nyuzi 19 hasi, kijana alimwaga ndoo nzima ya chumvi nyeupe mbele ya macho yangu. Ilikaa juu ya barafu kama mchele juu ya mkeka.

Wenye kulinda mito na maziwa wana hoja yao. Wakala wa kudhibiti uchafuzi wa jimbo la Minnesota hutoa hesabu rahisi kukumbuka: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua daima karibu lita 19 za maji. Kloridi haiozi. Ikishaingia mtoni, imeingia.

> Asubuhi ya nyuzi 19 hasi, chumvi ilikaa juu ya barafu kama mchele juu ya mkeka.

Bili ya kusukumiana

Kama haya yote yanajulikana, kwa nini mtaimbo bado unasimama kando ya mlango wa 14? Jibu liko kwenye makaratasi.

Maghala mengi ya hapa hayamilikiwi na anayeyatumia. Mwenye jengo hulipangisha kwa mkataba unaomtwika mpangaji kodi ya serikali, bima na matengenezo. Kwa mwenye jengo, daraja la chuma ni kifaa cha kazi cha mpangaji, kama foklifti. Kwa mpangaji, daraja limefungwa ndani ya saruji ya jengo, na mkataba ukiisha litabaki hapo. Shimo ni la nani? Mfereji ulioziba je? Fremu iliyolegea? Kila swali lina barua pepe zake, na barua pepe hazichongi barafu.

Mpangaji naye mara nyingi anaendesha ghala kwa niaba ya mwenye bidhaa, kwa mkataba wa miaka michache uliopatikana kwa kushindana bei. Matengenezo ya kinga ndiyo mstari ulio rahisi kufutwa, kwa sababu usipofanyika mwezi huu hakuna kinachoonekana. Meneja wa zamu hupimwa kwa idadi ya matrela. Dereva akishasubiri zaidi ya saa mbili, kampuni yake kwa kawaida huanza kutoza fidia ya kusubirishwa. Kumwambia meneja afunge mlango kwa nusu siku ili shimo lisafishwe, Desemba, wakati wa mizigo ya sikukuu, ni kumwambia mvuvi aanike nyavu samaki wanapopita.

Upande wa tatu ni makampuni ya matengenezo. Ukanda huu ni ngome yao. Rite-Hite, moja ya majina makubwa ya vifaa vya milangoni, ina makao yake Milwaukee, kaskazini kidogo kwenye ufuko wa Ziwa Michigan. Ushauri wao ni ukaguzi wa ratiba, mara nne kwa mwaka kwenye milango yenye kazi nyingi. Wenye maghala wengine huwaangalia kwa jicho la pembeni: anayekuambia springi imechoka ndiye anayeuza springi. Shaka hiyo ina haki yake. Hata hivyo fundi wa dharura wa saa kumi usiku huitwa siku ambayo kila ghala linamwita, na bei yake inajua hivyo.

Upande wa nne hauandikiwi barua pepe. Ni watu wa mlangoni. Wengi hapa hawakuajiriwa na ghala bali na wakala wa vibarua, na zamu ya kesho inategemea simu ya leo. Mtu wa namna hiyo akiona ndoano haishiki vizuri, anapima mambo mawili: kusimamisha kazi au kuonekana mvivu. Kwa hiyo anachukua mtaimbo.

Sheria inasemaje

Sheria si bubu. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kutembea na kufanyia kazi pako salama, na inataja theluji na barafu kwa majina. Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2017 zinataka gari lizuiwe lisisogee, kwa kabari au njia nyingine, wakati bamba la kuvukia liko mahali pake na watu wanalitumia.

Kuhusu kuingia chini ya daraja, kanuni za tangu 1989 zinataka umeme na nguvu nyingine zote zikatwe na kufungwa kwa kufuli kabla fundi hajaingiza mkono. Daraja lililoinuliwa halina budi kushikiliwa na nguzo yake ya chuma. Anayejipenyeza chini kuchokoa barafu huku daraja likining'inia kwa pampu tu, ameweka mgongo wake rehani kwa mpira wa mafuta uliokakamaa.

Illinois imeongeza yake. Agosti 2023 Gavana JB Pritzker alitia saini marekebisho ya sheria ya vibarua. Wakala sasa lazima aulize hali ya usalama mahali anapompeleka mtu na amfunze kwa lugha anayoielewa, na mwenye ghala lazima aeleze hatari zilizopo. Kwa mtu aliyetoka Nyarugusu, neno lugha ndilo lenye uzito. Maelezo yaliyobandikwa juu ya kitufe cha mlango wa 14 yako kwa Kiingereza na Kihispania.

Kazi ya Oktoba

Mafundi wa kazi hii hukubaliana jambo moja: vita vya Januari hupiganwa Oktoba, mikono ingali na hisia.

Kwanza shimo. Daraja liinuliwe, lishikiliwe na nguzo, umeme ufungwe, takataka zote zitoke na mfereji umwagiwe maji mpaka yapite. Kwa ghala la milango 40 ni kazi ya siku kadhaa, mlango mmoja mmoja, bila kusimamisha shughuli.

Pili mafuta na grisi. Mafuta yaliyogeuka rangi yatolewe, yawekwe yaliyotengenezwa kwa baridi. Bawaba na rola za milango zipakwe vilainishi visivyoganda, kwa kiasi. Grisi nyingi hukusanya vumbi, na vumbi lenye maji huwa barafu.

Tatu ndoano na taa. Zijaribiwe na trela halisi. Nyaya zilizogugunwa na chumvi zibadilishwe, kwa sababu taa inayodanganya ni mbaya kuliko taa iliyozimika.

Nne, zima taa za ndani na utafute nuru. Kila ufa uandikwe na nambari ya mlango wake.

Tano, iandikwe nani mwenye beleshi. Mita ile ya mwisho, chini ya ndoano, isafishwe kabla kila trela halijaingia. Trela likibana juu ya theluji, linaishindilia ikawa jiwe, na ndoano haiwezi kushuka wala kupanda. Chumvi ya kawaida itumike baridi ikiwa ndogo, kalsiamu ikizidi, na ifagiliwe ikishamaliza kazi.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji teknolojia mpya. Linalohitajika ni mtu mwenye jina, tarehe na fungu la fedha.

> Vita vya Januari hupiganwa Oktoba, mikono ingali na hisia.

Kibandiko cha Juni

Saa mbili asubuhi jua limetoka, lakini halina joto, linamulika tu. Trela la pili limeingia mlango wa 14. Kijana anabonyeza kitufe cha ndoano. Nje kunasikika chuma kikigonga chuma, na taa ya ndani inawaka kijani.

Foklifti tayari inanguruma nyuma yake. Yeye haiiti. Anafungua mlango mdogo wa pembeni, anashuka ngazi akishikilia chuma kwa mikono miwili, anapiga magoti kwenye barafu na kuisukuma kabari ya mpira mbele ya tairi. Anaipiga teke mara mbili mpaka ikae. Nyusi zake zimekuwa nyeupe anaporudi.

Nilimuuliza sababu ya kuhangaika, ilhali taa imekwisha kuwaka. Hakunijibu. Alinyoosha kidole kwenye sanduku la vitufe, penye kibandiko cha fundi kilichoanza kufutika. Kilikuwa na nafasi nne za tarehe, moja kwa kila robo mwaka. Iliyojazwa ni moja tu, na ilikuwa ya mwezi Juni.

Kisha akamwonyesha dereva wa foklifti dole gumba, na utingo akarudi kazini.